Mwanasayansi Anafuata Nini Kwenye Maonesho ya Ajira?

Likibandikwa tangazo la maonesho ya ajira chuoni, wanafunzi wa uhasibu, masoko na sheria huanza kupiga pasi mashati. Wa kemia, fizikia, botania na hisabati hurudi maabara, au hostelini kulala. Ukiwauliza watakwambia yale ni mambo ya watu wa biashara, na kusema kweli hawajakosea sana. Kwenye maonesho mengi ya vyuo vyetu meza za mbele hushikwa na benki, kampuni za simu na za bima, na wengine wala hawakuja kuajiri mtu: wamekuja kukufungulia akaunti na kukupa kalamu. Mwanafunzi wa mikrobiolojia aliyezunguka ukumbi nusu saa akatoka na kofia na laini mpya ya simu ana haki ya kujiuliza alikwenda kufanya nini.

Aende tu, lakini asiende kutafuta kazi. Kazi haipatikani pale siku ile, na mwenye kuingia ukumbini na matumaini hayo atatoka amevunjika moyo. Kinachofuatwa ni habari ambazo hazimo kwenye mtaala wala kwenye slaidi za mhadhiri: nani hasa anatumia ujuzi ninaousomea, kazi hiyo inaitwaje kwake, na anataka niongeze nini kabla hajaniita kwenye usaili. Mwanafunzi wa sayansi anazihitaji habari hizi kuliko mwenzake wa uhasibu, kwa sababu mhasibu anajulikana kila ofisi yuko chumba gani.

Kazi zisizobeba jina la digrii

Hakuna mlango mjini ulioandikwa "Fizikia". Ndiyo maana wengi hufika mwaka wa tatu wakiziona njia mbili tu mbele yao, kufundisha sekondari au kubaki chuoni kwa shahada ya uzamili iwapo GPA inaruhusu. Zote ni njia za heshima. Tatizo ni kuzichagua kwa kuwa hukuwahi kusikia ya tatu.

Kumbe fizikia iko kazini Arusha, kwenye Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambako vyakula vinavyoingia na kutoka nchini hupimwa mionzi na mashine za eksirei za hospitali hufuatiliwa usalama wake. Iko Taasisi ya Saratani Ocean Road: kabla mgonjwa hajalala chini ya mashine ya tiba ya mionzi, mwanafizikia tiba amekwisha kukokotoa dozi na pembe za miale, ili uvimbe uungue na kiungo cha jirani kisalimike. Iko pia Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwenye milinganyo inayosukuma utabiri wa mvua za masika. Kazi zote tatu zinadai nyongeza juu ya shahada ya kwanza, na nyongeza hiyo si ileile. Mtu wa meza ndiye atakayekwambia ni kozi ya miezi kadhaa, ni uzamili, au ni mafunzo wanayokupa wenyewe ukishaajiriwa.

Kemia nayo watu huijua kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na vipimo vya vinasaba, hasa baba anapomkana mtoto. Lakini ofisi yake hiyohiyo inasajili na kukagua kemikali zinazoingizwa na kusafirishwa nchini, sayanaidi ya migodi ya dhahabu ikiwamo, na kazi hiyo inataka mtu anayejua kemikali gani hazikai ghala moja. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina maabara ya kupima kama kidonge kina kiasi cha dawa kilichoandikwa kwenye pakiti. Ilipokuwa bado inaitwa TFDA, mwaka 2018, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia daraja la tatu la ukomavu katika udhibiti wa dawa. Wanafunzi wangapi wa kemia wanajua hilo, wakati jengo lenyewe wanalipita na daladala?

Botania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ina TOSCI kule Morogoro inayothibitisha ubora wa mbegu, ina vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI. Zuolojia ina Ifakara, ambako Taasisi ya Afya imejijengea jina duniani kwa kumsoma mbu, huku tawi lake la Bagamoyo likiwa miongoni mwa vituo vilivyojaribu chanjo za malaria, RTS,S na baadaye R21. Majaribio kama hayo hayaendeshwi na madaktari peke yao. Kuna wanaofuga mbu, wanaotunza sampuli kwenye majokofu, wanaosimamia takwimu, na wanaohakikisha fomu ya kila mshiriki imejazwa sawasawa.

Na zile benki tulizozisema? Mwanafunzi wa hisabati au takwimu asizipite kwa dharau. Kila benki ina watu wa kupima vihatarishi vya mikopo, kila kampuni ya bima inahitaji wa kukokotoa madai yajayo, na kampuni za simu zina takwimu nyingi kuliko idara yoyote ya chuo. Wanaokaa mezani kwa kawaida ni watu wa rasilimali watu na masoko, hivyo usitarajie wakueleze modeli. Waulize jina la kitengo na nani anakiongoza, kisha endelea na safari yako.

Meza ya serikali ina kazi nyingine

Mashirika ya umma yakija kwenye maonesho hayaji kuajiri, hata kama ofisa anapokea CV yako kwa tabasamu. Ajira nyingi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi huingizwa kwenye mfumo wa Ajira Portal. Huko unahitaji namba ya NIDA na vyeti vyenyewe. Hati ya matokeo ya muda hukataliwa. Majina yasipolingana, cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha kidato cha nne vile, utadaiwa hati ya kisheria ya kubadili jina. Kisha huja usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika, na wanaovuka huitwa kwenye mahojiano. Kwa baadhi ya kada huwekwa na usaili wa vitendo.

Basi ofisa wa meza ile ana faida gani? Ana jibu la swali moja ambalo wahitimu wengi hulijua wakiwa wamechelewa: je, programu yangu imo kwenye muundo wa kada yenu? Tangazo la kazi ya serikali hutaja shahada zinazokubalika kwa majina. Kama limeandika kemia, kemia tumizi na biokemia, na cheti chako kinasema jina jipya ambalo chuo kilibuni kwa kuunganisha fani mbili, unaweza kuenguliwa bila mtu kusoma umejifunza nini. Ukilijua hilo mwaka wa kwanza au wa pili unaweza kuchagua masomo ya hiari yanayokusogeza karibu na kada, au kumweleza mkuu wa idara ili chuo kizungumze na wahusika. Ukilijua baada ya mahafali, umebaki na malalamiko tu.

Swali pacha ni la usajili wa taaluma. Wanakemia wana sheria yao tangu 2016 na baraza linalowasajili. Wahandisi wana bodi yao. Maabara za hospitali nazo zina baraza lake, na hapa vijana wa mikrobiolojia na bayolojia ya molekuli wajihadhari: mtu anaweza kujua kuendesha kipimo cha PCR kuliko yeyote chumbani na bado asiruhusiwe kusaini majibu ya mgonjwa, kwa sababu hakusajiliwa kama mtaalamu wa maabara za afya. Uliza mapema, na umuulize anayeajiri. Rafiki wa mwaka wa nne anayesema "inawezekana tu" hana cheti cha kukupa.

Usisubiri mwaka wa mwisho

Wengi huenda kwenye maonesho muhula wa mwisho, wakati joto la kutafuta kazi limepanda. Wamechelewa kwa jambo moja kubwa: mafunzo kwa vitendo, fildi kama wanavyoita wenyewe. Kwa programu nyingi za sayansi nafasi ya fildi ndiyo mlango halisi wa ajira. Aliyekaa wiki nane kwenye maabara ya mamlaka ya maji akiosha vyombo, kuandaa vitendanishi na kuingiza namba kwenye daftari anajulikana kwa jina na tabia. Ikitokea nafasi ya muda, simu anapigiwa yeye.

Sasa angalia nafasi hizo zinavyotafutwa. Chuo kinatoa barua ya utambulisho, mwanafunzi anaipeleka mapokezi, mlinzi au katibu muhtasi anaigonga muhuri, inaingia kwenye faili lenye barua mia. Mwenzake alikutana na mkuu wa maabara kwenye maonesho mwezi mmoja kabla, akaambiwa: "Ukileta barua, iandike kwa Mkurugenzi ila utaje kitengo cha udhibiti ubora, na uilete kabla ya mwisho wa mwezi wa tano." Barua ni ileile na muhuri ni uleule, lakini hii ya pili inajua inakwenda dawati gani.

Dakika tano mezani

Tuseme ni meza ya kiwanda cha vinywaji. Amekaa dada wa rasilimali watu, na nyuma yake kaka mmoja amesimama kimya, mikono mfukoni.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri, mdogo wangu. Karibu. Unasoma nini?"

"Kemia, mwaka wa pili."

"Safi. Acha CV yako hapo kwenye boksi, tutawasiliana."

Tisa kati ya kumi wanaiacha na kuondoka. Wa kumi anasema: "Nitaiacha, dada, asante. Ila nilitaka kuuliza, maji yanayotoka kiwandani mnayapima nini kabla hamjayaachia?"

Dada anacheka. "Hilo la huyu bwana wa maabara. Kaka, njoo umepata mteja."

Kaka anatoa mikono mfukoni. "Tunaangalia pH, joto, yabisi, halafu COD na BOD, vile vipimo vya oksijeni. COD unaichemsha saa mbili, siku hiyohiyo unayo. BOD ni siku tano. Ukianza Jumatatu majibu unapata Jumamosi, kwa hiyo ukikosea mwanzo umepoteza wiki."

"Na mkikosea mnajuaje?"

Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Kaka ataeleza sampuli za udhibiti, urekebishaji wa vifaa, daftari lisilofutwa kwa raba. Huenda akataja namba ambayo kijana hajawahi kuisikia darasani: 17025. Hicho ni kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za upimaji, ISO/IEC 17025, toleo lake la sasa likiwa la 2017, na maabara inayotaka ithibati hukifuata. Kwenye viwanda vya chakula atakayoisikia ni HACCP, mfumo wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula. Kwenye viwanda vya dawa, GMP, kanuni za utengenezaji bora. Msamiati huu ndio unaotenganisha aliyesoma kemia na aliyekwisha kuwaza kufanya kazi ya kemia. Akirudi idarani anaweza kumfuata fundi sanifu wa maabara na kumwomba: "Mzee wangu, naomba unioneshe kumbukumbu za urekebishaji wa ile mizani." Mafundi sanifu wa vyuo vyetu wanajua mengi na ni wachache wanaowauliza.

Hakuna swali la kukariri hapo. Lililofanya kazi ni kwamba lilihusu kazi yao, na lilimtafuta mtu aliyekaa nyuma. "Mnatoa ajira lini?" humpa dada wa mbele jibu moja tu, la kukutuma kwenye tovuti. Ukimuuliza mtu wa maabara wanatumia mashine gani, sampuli ngapi zinapita kwa siku, na nini kinawasumbua kwa vijana wanaokuja fildi, atakujibu mpaka wenzake wamwite chakula cha mchana. Jibu la swali la mwisho, nakuhakikishia, mara nyingi si ukosefu wa nadharia. Ni kutokujua Excel vizuri, na kutoandika tarehe kwenye chupa.

Uwe tayari pia kueleza unachofanya wewe. Hapa vijana wa sayansi hujiangusha. Mwenye mradi wa mwaka wa mwisho akiulizwa anachotafiti hutaja kichwa cha tasnifu chote, maneno ishirini ya Kiingereza bila kituo, na msikilizaji anatikisa kichwa kwa adabu. Jaribu hivi: "Mahindi yakihifadhiwa na unyevu yanaota ukungu unaotoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mimi nilichukua sampuli soko la Kibaigwa, nikalinganisha magunia ya kawaida na mifuko isiyopitisha hewa. Kilichonipa kazi ni kuchota sampuli, maana sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia." Nusu dakika. Mtu wa kiwanda cha unga ameelewa, mtu wa TBS ameelewa, na wote wawili wamegundua kwamba unajua ugumu wa kipimo chako uko wapi. Zoeza maelezo hayo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu mezani watu huongea Kiswahili na usaili ukaja kwa Kiingereza.

Kuhusu GPA, msijifungie nyumbani. Programu nyingi za kampuni kubwa za kuchukua wahitimu huweka kiwango, na mara nyingi ni 3.5, daraja la pili la juu. Mwenye 2.9 ataenguliwa na kompyuta kabla binadamu hajamwona. Mezani hakuna kompyuta. Kuna mtu, na mtu anaweza kukwambia kuwa kiwango kile ni cha programu ile moja tu, kwamba maabara yao huchukua vijana wa mkataba kwa njia nyingine, au kwamba kwao ni sheria na usipoteze muda. Hata hilo la mwisho ni jibu.

Maonesho yasiyoitwa ya ajira

Ushauri wangu kwa mwanafunzi wa sayansi ambaye ana nauli ya safari moja tu kwa mwaka: asiitumie kwenye maonesho ya ajira, aende Nanenane au Sabasaba. Wengi hudhani huko ni kwa wakulima na wanunuzi wa masufuria. Lakini kwenye viwanja vya Nanenane, wiki ya kwanza ya Agosti, Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya, Morogoro na kwingineko, taasisi za utafiti na udhibiti hupeleka wataalamu wenyewe. Anayekuonesha darubini ndiye anayeitumia kazini. Sabasaba, Barabara ya Kilwa, kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai, utazikuta taasisi nyingi za serikali uwanja mmoja, na siku za katikati ya wiki asubuhi mabanda huwa hayana watu, wataalamu wanatafuta wa kuongea naye. Wanajiolojia na wanakemia wa madini wana maonesho ya teknolojia ya madini Geita, ambako wauzaji wa vifaa vya maabara wanakaa jirani na migodi.

Wauzaji hao msiwapuuze. Kampuni inayouza mashine za kromatografia inahitaji mtu wa kuzifunga, kuzitengeneza na kumfundisha mteja, na mtu huyo ni mkemia au mwanafizikia asiyeogopa bisibisi. Kazi hiyo hutaiona kwenye mtaala wowote.

Kama chuo chako kinaandaa maonesho na maabara haziji, chama cha wanafunzi wa fani yenu kinaweza kuandika barua za mwaliko. Taasisi nyingi haziji kwa sababu hakuna aliyeziita. Mwandaaji alianza na wadhamini wenye fedha, na maabara ya mbegu haina fedha za udhamini.

Tahadhari na yanayofuata

Usilipe chochote. Mwajiri wa kweli hatozi ada ya fomu, ya usaili wala ya "mafunzo kabla ya kazi", hata kama bango lake linapendeza. CV ya kuacha mezani isiwe na namba ya NIDA wala nakala za vyeti; ukurasa mmoja wenye jina, simu, programu, mwaka, mashine na programu za kompyuta unazozimudu unatosha. Suti si lazima. Shati safi na viatu vilivyofungwa, basi. Bumu la mkopo lina matumizi mengine.

Ukitoka ukumbini, kabla hujapanda gari, andika kwenye daftari: nani, kitengo gani, alisema nini. Kesho yake mtumie ujumbe mfupi wa barua pepe:

"Habari za kazi, kaka. Ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa pili, tuliyeongea jana kwenye meza yenu kuhusu BOD na COD. Nimesoma kidogo juu ya 17025 uliyonitajia, na nimemwomba fundi sanifu wetu anioneshe urekebishaji wa mizani. Ninatafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane kuanzia Julai. Je, barua ya chuo niielekeze kwa nani?"

Usiambatanishe faili saba. Usiandike kwamba uko tayari kufanya kazi yoyote, kwa sababu hajui akuweke wapi. Asipojibu ndani ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa heshima. Akinyamaza tena, peleka barua yako kwa wa pili kwenye daftari.